Kabla ya Triathloni Fupi ya Mwambao Msimu wa Kaskazi

Triathloni fupi ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia, mfululizo, saa ikihesabu hata unapovaa viatu. Ukiipiga hesabu hiyo ukiwa umekaa kivulini utaiona ndogo, na kweli wengi huimaliza kati ya saa moja na robo na saa mbili. Ufupi huo ndio unaowaponza watu. Kwa kuwa ni fupi, mtu huenda kwa nguvu zake zote, na misuli inapofanya kazi hivyo, kiasi cha robo tatu ya nishati inayochomwa au zaidi hubaki mwilini kama joto. Joto hilo lazima litoke, na njia yake kubwa ni jasho.

Hapo ndipo Mombasa, Kilifi, Tanga au Dar es Salaam mwezi wa Februari panapokuwa pagumu. Jasho hupoza pale tu linapokauka, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji kwa kuvujavuja na kukauka kwa nje. Siku hewa ikiwa nzito kwa unyevu, maji ya mtungini hayapoi, na wewe pia hupoi: jasho linachuruzika, linadondoka chini, joto linabaki ndani. Kwa hiyo usitazame nyuzi za joto peke yake kwenye utabiri wa hali ya hewa. Nyuzi 31 za pwani ni nzito kuliko nyuzi 34 za bara kukavu.

Maandalizi makubwa kuliko yote huanza wiki mbili kabla, na hayauzwi dukani. Mwili hulizoea joto kwa siku 7 hadi 14 za kufanya mazoezi ndani yake. Katika muda huo majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na kwa wingi, chumvi inayopotea katika jasho hupungua, na moyo haupigi kwa kasi ileile ya siku ya kwanza. Kinachotakiwa ni saa moja hivi kila siku, kwa mwendo wa wastani, wakati ambao jua lipo. Mwenyeji wa pwani anayefanya mazoezi alfajiri tu na kushinda ofisini penye kiyoyozi asijidanganye kwamba amezoea kwa sababu amezaliwa huku. Naye apange siku zake za kukimbia saa 3 au saa 4 asubuhi.

Kwa anayetoka Nairobi, Nakuru au Arusha, jambo hili ni zito zaidi. Mapafu yake yamezoea mwinuko, ndiyo, lakini ngozi yake haijui joto la pwani. Mpango ninaouona mbaya kuliko yote ni wa kuteremka usiku wa kuamkia shindano. Kama kazi inaruhusu, shuka wiki moja kabla. Kama hairuhusu, fanya mazoezi nyumbani mchana, kwa pole, ukiwa umevaa nguo ya ziada, na ukubali mapema kwamba siku yenyewe utakwenda taratibu kuliko muda uliouzoea.

Bahari ina mambo yake. Maji yetu ya Februari na Machi hufika nyuzi 28 na zaidi, kwa hiyo usitegemee kwamba kuogelea kutakupoza. Suti ya mpira ya kuogelea iache. Kanuni za kimataifa zinawakataza washiriki wa kawaida kuivaa katika umbali huu maji yakizidi nyuzi 22. Jifunze saa za kujaa na kupwa kwa maji siku hiyo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ufuo ulioukagua Ijumaa jioni ukiwa umejaa unaweza kuwa mwani na mawe Jumapili asubuhi. Waulize wavuvi wa hapo mkondo unavuta upande gani maji yakitoka. Watakuambia kwa usahihi kuliko ramani yoyote. Uliza pia kuhusu yavuyavu, na kuhusu wale wadudu weusi wa miiba mirefu wanaokaa kwenye mawe. Na kama umejifunzia bwawani tu, ingia baharini mara kadhaa kabla na mwenzako, ujizoeze kuinua macho kila baada ya mikono michache kutafuta boya. Boya halionekani vizuri ukiwa na wimbi mbele yako, kwa hiyo chagua kitu kirefu nyuma yake, mnazi au paa la hoteli, ukifuate hicho.

Eneo la kubadilishia, unapotoka majini kuchukua baiskeli na baadaye kuiacha ukakimbie, ndipo muda hupotea bure, na dawa yake ni kulifanyia mazoezi uani kwako. Tandika taulo ndogo, panga vitu kwa utaratibu utakaovihitaji: kofia ngumu imepinduliwa juu ya usukani, mikanda yake imefunguliwa na kuning'inia nje, miwani ndani ya kofia, viatu vimelegezwa, namba imefungwa kwenye mkanda wa kiunoni. Kisha jimwagie maji, kimbia, uje uvae. Utashangaa jinsi vidole vilivyolowa, mkono ukitetemeka kwa mapigo ya moyo, vinavyoshindwa kufunga kibanio kidogo cha plastiki kidevuni. Nacho lazima kifungwe kabla hujaigusa baiskeli, la sivyo utaadhibiwa. Weka chupa ya maji ya kusuuzia miguu, maana mchanga ulioingia kati ya vidole utakuwa malengelenge kabla ya kilomita ya tatu ya kukimbia.

Baiskeli ya bei kubwa haihitajiki kwa kilomita 20. Ninachokisisitiza ni breki, mnyororo uliotiwa mafuta na tairi zisizo na mipasuko, vyote vikaguliwe na fundi siku kadhaa kabla, ili kama kuna cha kubadilisha pawe na nafasi ya kujaribu. Uwe na tyubu ya akiba na ujue kuibadilisha mwenyewe. Uliza kama barabara imefungwa kabisa au mtapishana na matatu na bodaboda. Uliza pia kama kumfuata mwenzako kwa karibu kunaruhusiwa; kwa washiriki wa kawaida mara nyingi kumekatazwa, na umbali wa mita 10 ndio unaotakiwa.

Kunywa kuna makosa ya pande mbili. Wengine hawanywi, wengine hunywa lita juu ya lita za maji matupu mpaka chumvi ya damu inashuka, na hilo nalo linaweza kuua. Jipime: simama kwenye mizani kabla na baada ya saa moja ya mazoezi ya joto. Kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya jasho, ukijumlisha na ulichokunywa. Ukishaijua hesabu yako hutahitaji kubahatisha. Kwa triathloni fupi, nusu lita ya maji saa mbili kabla, chupa moja kwenye baiskeli na vikombe vya kwenye mbio huwatosha wengi. Madafu ni mazuri lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, hivyo hayatoshi kurudisha chumvi ya jasho. Muhogo wa kuchemsha wenye chumvi usiku uliotangulia husaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Asubuhi kula ulichokizoea, saa mbili au tatu kabla: uji, ndizi, mkate na chai. Biriani na pilipili zisubiri jioni. Chupa ya baiskeli igandishe nusu usiku kucha, asubuhi ijaze maji juu.

Nguo ziwe nyepesi, za rangi hafifu, zisizo za pamba, kwa sababu pamba ikilowa inakuwa mzigo. Anayejisitiri mwili mzima naye atafute kitambaa chembamba kinachokauka haraka. Mafuta ya kukinga jua yapakwe mapema, mabegani, shingoni na nyuma ya miguu, lakini si viganjani, maana usukani utateleza, na kidogo sana juu ya nyusi, maana yatateremka machoni. Kofia ya kukimbilia ni ya lazima kwangu. Ukipata barafu kwenye meza za maji njiani, iweke ndani ya kofia.

Uliza mbio zinaanza saa ngapi, kisha ongeza saa moja. Hotuba za ufunguzi na kumsubiri mgeni rasmi vinaweza kukusogeza kutoka saa 12 na nusu hadi saa 1 na nusu, na saa hiyo moja mwambao huu ni tofauti kubwa. Subiri kivulini, na taulo iliyolowa maji baridi shingoni, ukinywa kidogokidogo. Kupasha misuli kusizidi dakika chache.

Kasi iamue nyumbani. Joto hulipwa kwenye kukimbia, kwa hiyo ogelea na uendeshe baiskeli ukiwa na akiba, na kilomita ya kwanza ya miguu iwe ya pole kuliko zote. Mwaka 2016, katika triathloni huko Cozumel, Mexico, Jonny Brownlee wa Uingereza, aliyekuwa ametoka kushinda medali ya fedha ya Olimpiki mwezi uliotangulia, alikuwa anaongoza alipoanza kuyumba mita mia chache kabla ya mwisho. Kaka yake Alistair alimshika mkono mpaka kwenye mstari. Mtu wa daraja lile, aliyeandaliwa vile, joto lilimwangusha.

Ukiwa na homa, umetoka kuugua malaria, au umeharisha siku mbili tatu zilizopita, usishiriki. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni asubuhi ya mbio, kwani figo zitakuwa na kazi ya kutosha. Kama una dawa za kila siku za presha au za mzio, muulize daktari kwanza.

Na uje na mtu wako. Mwambie dalili: kichwa kuuma, ngozi kusisimka kama kwa baridi kwenye jua kali, kuyumba, kujibu mambo yasiyoeleweka, ukali usio wa kawaida. Mwambie asidanganyike kwa kuona unatoka jasho, kwa kuwa aliyezidiwa na joto kwa sababu ya mbio mara nyingi bado ana jasho. Akikuona hivyo aite wahudumu, akuondoe juani, akuvue nguo za juu, akupoze palepale: beseni kubwa la maji ya barafu likiwepo akutumbukize, lisipokuwepo akumwagie maji bila kukoma, aweke barafu shingoni, kwapani na kwenye nyonga, apepee. Kupoza kuanze kabla ya safari ya hospitali, kwa sababu joto la ndani linapopita nyuzi 40 kila dakika ina uzito. Asikunyweshe kitu kama hujitambui. Siku ya kuchukua namba, waulize waandaaji barafu itakuwa wapi na nani atakuwa nayo, kisha mwonyeshe mtu wako mahali penyewe.