Kulaza Remington 700 kwenye kitako cha mbao kwa epoksi

Kama darubini ya bunduki imekazwa vizuri, mtutu ni mzima na risasi bado zinatawanyika, kagua pale chuma kinapokalia mbao. Kulaza ni kujaza epoksi, gundi ngumu ya kuchanganya, katikati ya hivyo viwili ili chuma kikae sawasawa. Bunduki ya Remington 700 ina mwili wa mviringo (chuma kinachobeba bolti), hauna tako bapa la kutulia, kwa hiyo mbao isipoushika sawasawa, skrubu zinaupinda na kila mlio unauacha mahali pengine.

Hakikisha chemba na magazini havina risasi, kisha toa bolti. Weka kidole pale mtutu unapokutana na ncha ya mbao, halafu legeza skrubu ya mbele. Mtutu ukicheza, chuma kilikuwa kimebanwa. Ukiwa na saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachoonyesha mwendo mdogo sana), mwendo unaozidi 0.05 mm unatosha kukuambia kazi inahitajika.

Chimba mbao kwa patasi milimita 2 hadi 3 kuzunguka bamba linalopokea teke la bunduki, na chini ya mkia wa nyuma wa mwili wa chuma. Usichimbe kote, acha vipande vya mbao ya asili vishike kimo, la sivyo chuma kitazama. Panua matundu ya skrubu kidogo ili skrubu zisiguse kuta.

Sasa ndipo kazi inapoharibika au kupona. Epoksi ikiingia kwenye tundu au mfuo na kukauka humo, chuma hakitatoka bila kupasua kitako. Toa kifyatuo. Ziba kila tundu kwa plastisini, hata lile dogo la pini. Bandika tepu kwenye bamba la teke mbele, ubavuni na chini. Uso wa nyuma uache wazi, kwa maana huo ndio unaopaswa kukaa chapa kwenye epoksi. Kisha paka kiwi ya viatu isiyo na rangi, ili epoksi isishike, mara mbili kwenye chuma chote, ndani ya nyuzi za skrubu pia, ukisugua kila mara. Ukijiuliza kama sehemu fulani umeipaka, ipake tena.

Zungushia mtutu tepu karibu na ncha ya mbao hadi ukae katikati. Changanya gramu 50 hivi za epoksi nzito yenye unga wa chuma; ile ya dakika tano inakauka kabla hujapanga vitu. Jaza kwa kijiti bila kunasa hewa, kisha shusha chuma kikiongozwa na skrubu mbili zilizokatwa vichwa. Usikaze kwa skrubu: utagandisha upindo uleule uliokuja kuuondoa. Funga kwa vipande vya mpira wa tyubu, vikaze kiasi tu. Epoksi inayofurika ifute kwa pamba za masikio zenye siki.

Acha saa 24. Kikigoma kutoka, kitie chote kwenye friza saa chache, kisha gonga mtutu kuelekea juu kwa nyundo ya mpira. Vishimo vidogo vya hewa vinajazwa. Vikiwa nyuma ya bamba, chimba urudie.

Toa tepu zote, kwangua epoksi iliyoingia kwenye matundu ya skrubu, kisha kaza skrubu ya mbele kwanza: mbao tupu Nm (nyutoni-mita) 4, yenye nguzo za alumini, yaani vibomba vinavyozunguka skrubu, hadi Nm 7. Karatasi ipite chini ya mtutu bila kukwama. Rudia kipimo cha kulegeza skrubu. Saa isipocheza, nenda uwanjani na upige makundi matatu ya risasi tano kwa mita 100, ukiacha mtutu upoe kila baada ya kundi.