"Cheek" si shavu kila mara

Ukisoma Kiingereza cha Uingereza, usikimbilie kutafsiri "cheek" kuwa shavu. Mtu akisema "He had the cheek to ask for more money", hapo hapana shavu: jamaa amethubutu, bila haya, kuomba pesa zaidi. Kamusi itakupa "ufidhuli", lakini mimi napenda "macho makavu", maana linabeba mshangao uleule wa msemaji. Tazama maneno ya jirani. "The cheek to" likifuatwa na kitenzi, ni ujeuri. "On the cheek" ni shavu lenyewe, la kubusiwa. "Cheeky" akiitwa mtoto, mara nyingi ni mtundu anayependwa. Mkubwa wako kazini usimwite hivyo. Wamarekani, kwa maana hiyohiyo ya ujeuri, huzoea zaidi kusema "nerve".