Namna ya Kufunga na Kusoma Hesabu za Duka la Familia

Hatua ya kwanza ni kutenganisha fedha za duka na fedha za nyumbani, kwa sababu hesabu yoyote itakayofungwa kabla ya hapo itakuwa ya kukisia. Fungueni akaunti ya benki na Lipa Namba (namba ya kupokelea malipo ya simu) kwa jina la biashara, kisha mpangieni mwenye duka, na kila mwanafamilia anayefanya kazi pale, malipo ya mwezi yanayojulikana. Chochote kitakachochukuliwa zaidi ya hapo kiandikwe siku hiyo hiyo katika ukurasa wake, hata kile ambacho watu hawakihesabu kuwa ni fedha: mifuko kumi ya saruji iliyopelekwa kwenye ujenzi wa nyumba ya mzee ni matumizi ya familia, na iandikwe kwa bei iliyonunuliwa.

Mwisho wa mwezi, hesabuni mali iliyobaki dukani, linganisheni daftari la mauzo na ripoti za mashine ya EFD (ile ya kutolea risiti za kielektroniki), taarifa ya benki na miamala ya simu, halafu andaeni taarifa ya ukurasa mmoja. Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lililouza bidhaa za shilingi 18,000,000, ambazo lilizinunua kwa 14,400,000. Faida ghafi ni 3,600,000. Ukitoa pango, mishahara, umeme na usafiri, jumla 1,900,000, inabaki 1,700,000 kabla ya kodi ya mapato. Ikiwa mwezi huo familia ilichukua 2,600,000 kwa ajili ya ada za shule na msiba, basi shilingi 900,000 zimetoka kwenye mtaji, ingawa wateja walipishana mlangoni mwezi mzima na kila mtu aliamini kwamba biashara inakwenda vizuri. Mstari huu wa mwisho ndio ninaousisitiza kuliko yote, kwani mhasibu wa nje anayefunga hesabu za mwaka kwa ajili ya kodi hukutana nao wakati rafu zimeshakuwa tupu. Chini yake orodhesheni wadaiwa na muda ambao kila deni limekaa, ndugu wakiwamo.

Taarifa hiyo isomwe kwenye kikao cha kila mwezi. Katika familia nyingi ni vigumu kwa mtoto kumhoji baba au mama kuhusu fedha, na heshima hiyo inastahili kulindwa. Kwa hiyo mzazi awe mwenyekiti, anayetunza daftari asome tarakimu zote kwanza, na maswali yaelekezwe kwenye taarifa yenyewe. Waitwe pia wenye haki katika mali ambao hawafanyi kazi dukani, maana shuku huota haraka kwa yule anayezipata habari za duka kwa kusimuliwa. Maamuzi ya kukopa, kumkopesha ndugu au kununua gari yaandikwe kwenye muhtasari na kusainiwa. Anayepokea fedha asizihesabu peke yake jioni, hata kama ni mtoto wa kuzaa.

Jueni vilevile sheria ya Tanzania inavyoitazama biashara yenu. Jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na kampuni, halimtenganishi mmiliki na duka: madeni ya duka ni madeni yake, na akifariki, mali hiyo husimamiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kampuni iliyoundwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 huendelea kuwapo hata mwanahisa akifariki, lakini wakurugenzi wake wanawajibika kuwawekea wanahisa hesabu mezani, kupeleka taarifa ya kila mwaka BRELA, na kuwasilisha ritani ya mapato (taarifa ya mapato kwa ajili ya kodi) kwa Mamlaka ya Mapato, TRA, ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kwisha. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa angalau miaka 5. Wekeni taarifa za mwezi na mihtasari mahali ambapo watu wawili wanapajua, pamoja na orodha ya akaunti, wadai na mikataba, ili siku msimamizi wa mirathi atakapohitajika asilazimike kuulizia madeni ya marehemu mtaani.