Kalenda ya ukutani: nini kiandikwe, nini kiachwe

Si kila shughuli inayodai kalenda. Mwanamke anayelima mwani Paje, Unguja, hutazama mwezi: unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakatoka mbali, naye akapata muda wa kufunga mbegu kwenye kamba, siku za maji mafu hushughulika na mengine. Kwa hiyo usiandike jambo linalojikumbusha lenyewe, kama sala ya Ijumaa au siku ya gulio, kwani ukurasa uliojaa hausomwi.

Andika miadi uliyopangiwa na mtu mwingine, hasa iliyo mbali. Kwa mfano, nchini Tanzania mtoto hurudishwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9. Akizaliwa Jumanne, weka kidole kwenye tarehe hiyo, ushuke Jumanne sita ukihesabu kuanzia ile inayofuata, na mwezi ukiisha ufunue ukurasa bila kuirudia Jumanne uliyokwisha kuihesabu. Utakapoishia ndipo wiki 6 zinapotimia. Hata hivyo, muuguzi akiwa ameandika tarehe nyingine kwenye kadi, fuata kadi.

Pamoja na tarehe, andika saa na kipindi cha siku. Niliwahi kupewa kikaratasi cha miadi chenye 9:00, nikanakili “9” peke yake, na siku ilipofika nikaisoma saa tisa alasiri, nikamkuta mlinzi anafunga geti. Tangu hapo huandika “saa tatu asubuhi” kwa maneno, ingawa kisanduku ni kidogo.

Sikukuu za Kiislamu ziandikwe kwa penseli. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, hivyo Idi hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka, na tarehe iliyochapishwa ni makadirio hadi mwezi uonekane. Nyumba yenye mzee anayehesabu miezi inayofuata Ramadhani kwa mfungo mosi, mfungo pili, hadi mfungo tisa, haina haja ya kuikisia Maulidi: mwulizeni mfungo sita umeanza lini, mhesabu hadi siku ya kumi na mbili, ndipo mwandike kwa wino.

Kalenda itundikwe jikoni au karibu na mlango, si sebuleni kama pambo, na kalamu ifungwe kwa uzi kwenye msumari uleule, maana kalamu isiyofungwa huondoka na watoto wa shule.