London bila kumaliza pochi: mambo ya kuzingatia kabla hujaondoka

London ni ghali, hilo halina mjadala. Ila vitu vyake vizuri vingi ni vya bure na viko hadharani. British Museum, National Gallery, Tate Modern, Natural History Museum, Science Museum na V&A (Victoria and Albert Museum) unaingia bila kulipa senti; makumbusho makubwa ya taifa hayatozi kiingilio tangu 2001. Pesa ya mgeni huishia njiani: kwenye treni, kwenye njaa, kwenye begi, na kwenye tiketi ya bure ambayo hakuikata mapema. Maandalizi yako yaelekee huko.

Viza, pasipoti, bima: hayo unayajua. Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, na koti jepesi la mvua hata kama ni Julai. Chupa tupu ya maji, maana maji ya bomba yananyweka na makumbusho mengi yana mahali pa kujazia; tena mgahawa au baa yenye leseni ya pombe inalazimika kisheria kumpa mteja maji ya bomba bure akiomba. Anayetoka Dar, Nairobi au Kampala asinunue adapta, soketi ni zile zile za pini tatu bapa. Wa Kigali, Bujumbura na Goma aje nayo kutoka nyumbani, za uwanja wa ndege bei zake zinauma.

Tiketi za bure zikate ukiwa bado kwenu. Sky Garden, ile bustani iliyo juu ya jengo la 20 Fenchurch Street, hutoa tiketi mtandaoni kila Jumatatu kwa tarehe za hadi wiki tatu mbele, na za wakati wa machweo huondoka haraka. Horizon 22 na The Lookout, kumbi za kutazamia mji kutoka juu, ziko Bishopsgate, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, nazo ni bure na ni vizuri kuweka nafasi mapema. Ukikosa zote, panda Garden at 120, bustani ya juu ya paa, Fenchurch Street hiyo hiyo, haihitaji kuweka nafasi. Ukiwa na hizi, sioni sababu ya kulipia jengo refu la Shard kuangalia mji ule ule.

British Museum unaweza kuingia bila kukata tiketi, lakini siku za msongamano walioweka nafasi hutangulia. Maonyesho maalumu hulipiwa kila mahali, kwa hiyo usifuate bango kubwa kuliko yote. Uliza mkusanyo wa kudumu uko wapi. Chumba cha 25, cha Afrika, kiko chini, na wengi hukipita kwa sababu ngazi zake ziko nyuma kabisa, ukishavuka chumba cha 24. Ijumaa ndiyo siku ya kubana matumizi: British Museum hufungwa saa 2:30 usiku, National Gallery saa 3, na kumbi kadhaa za V&A saa 4. Jioni nzima ndani, kwenye joto, bure.

Usafiri usome kabla, kwa sababu kosa lake hulijui mpaka uione taarifa ya benki. Dereva wa basi hapokei pesa taslimu tangu 2014. Unagusisha kwenye mashine kadi ya benki yenye alama ya mawimbi. Nauli imekuwa £1.75 tangu 2023, na ndani ya saa moja tangu ulipogusisha mara ya kwanza, mabasi mengine utakayopanda hayakukati. Kinachohesabiwa ni muda wa kupanda: ukipanda dakika ya 58, hata basi likikwama kwenye foleni saa nzima, hulipi tena. Ukishalipia mara tatu, yaani £5.25, mabasi ya siku hiyo yaliyobaki ni bure. Angalia tu kama bei imebadilika. Kwenye basi unagusisha unapopanda, basi. Kwenye treni unagusisha kuingia na kutoka.

Sasa sikiliza: simu iliyowekewa kadi yako na kadi yenyewe ya plastiki ni vitu viwili tofauti kwa mashine. Ukiingia kwa simu na kutoka kwa plastiki, mfumo unaona safari mbili zisizokamilika, na kila moja inatozwa nauli ya juu kabisa. Chagua kimoja usikiache mpaka uondoke. Mume na mke hawawezi kutumia kadi moja kwenye treni, kila mtu na yake. Watoto chini ya miaka 11 wasikupe presha: kwenye basi hawalipi, na kwenye treni za chini ya ardhi mtu mzima mmoja anaweza kuwapitisha wanne. Ukitua Heathrow, treni inayotangazwa kwa mabango makubwa, Heathrow Express, ndiyo ya gharama. Treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly line inachukua kama saa moja hadi katikati ya mji kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Begi ndilo linaloharibu siku ya mwisho ya watu, na hakuna anayelifikiria kabla. Chumba unatakiwa ukiachie saa 5 asubuhi, ndege ni usiku. Familia inasema, tuna saa saba, twendeni British Museum, si ni bure? Wanaburuta masanduku mawili ya kilo 23 mpaka getini. Mlinzi haangalii hata nyuso, anaangalia magurudumu: hayaingii. Mzigo unaokubaliwa mwisho ni sentimita 40 kwa 40 kwa 50, usiozidi kilo 8. Wakikimbilia National Gallery, hadithi ni hiyo hiyo. Basi baba anabaki nje na mizigo, mama anaingia na watoto mbio mbio, manyunyu yanaanza, na wote wanaishia mgahawani kununua chai nne na keki wasizozitaka ili wapate pa kukaa. Saa 10 wamechoka, stesheni waliyoiendea haina lifti, wanaita teksi hadi Heathrow. Siku waliyopanga isiwagharimu kitu imekuwa ghali kuliko zote za safari.

Kwa hiyo kabla hujalipia chumba, andika umuulize mwenyeji: begi linaweza kubaki mpaka jioni? Jibu liwe la maandishi. Hoteli nyingi huliweka bure. Nyumba za kukodi mtandaoni mara nyingi haziwezi, maana msafishaji na mgeni mwingine wako njiani. Likishindikana, stesheni kubwa kama King's Cross na Victoria zina sehemu za kuhifadhi mizigo zinazotoza kwa kila begi. Iweke kwenye bajeti tangu mwanzo, tena tazama ramani ya treni inayoonyesha stesheni zenye lifti. Ukitaka kusikiliza kesi kwenye mahakama ya jinai ya Old Bailey, bure pia, acha hata simu ulikolala: haziruhusiwi ndani, hawakuhifadhii, na mtoto chini ya miaka 14 haingii.

Chakula: duka kubwa, sandwichi, benchi la bustani. Jioni duka hubandika vibandiko vya manjano kwenye vyakula vinavyokaribia tarehe yake. Hapo ndipo pa kununua cha usiku. Na ukiwa upande wa magharibi, Gurdwara Sri Guru Singh Sabha ya Southall, hekalu la Singasinga, inagawa chakula cha bure, kisicho na nyama, kwa yeyote anayeingia. Aliyewahi kusimama Makindu, Kenya, kwenye hekalu kama hilo, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, anajua utaratibu: vua viatu, funika kichwa, usiingie na sigara wala pombe, chukua unachoweza kumaliza. Ukipenda kuosha sahani baadaye, hakuna atakayekukataza.

Kanisa la Westminster Abbey hutoza watalii, lakini ibada ya jioni haina kiingilio. Siku nyingi huanza saa 11 jioni. Unakwenda kusali na kusikiliza kwaya, huruhusiwi kuzurura ukipiga picha. Kubadilishana zamu kwa walinzi Buckingham Palace hufanyika baadhi ya siku tu, saa 5 asubuhi. Hakiki ratiba, fika saa 4:15, la sivyo utaona migongo ya watu.

Disemba giza huingia saa 10 jioni, na tarehe 25 hakuna basi wala treni mjini kote, makumbusho nayo yamefungwa. Ukiwa huko siku hiyo, nunua chakula siku moja kabla na ulale mahali unapoweza kutembelea mji kwa miguu. Matembezi ya kuongozwa yanayoitwa ya bure hutarajia bahashishi mwishoni. Zile baiskeli za abiria zenye manyoya ya pinki na muziki, ulizia bei ya jumla kabla hujakaa, tena ya watu wote. Mchezo wa vikombe na kijipira kwenye daraja la Westminster ni wizi, na wanaoshangilia kushinda ni wenzao. Simu usiishike ukingoni mwa barabara unaposoma ramani, inanyakuliwa na mwenye baiskeli. Ingia mlangoni mwa duka kwanza, usome, uirudishe mfukoni.