Ukitozwa zaidi dukani: dai haki yako bila kuwaka

Kagua risiti kabla hujaondoka kaunta. Tafuta bidhaa iliyosomwa na mashine mara mbili, na punguzo lililobandikwa rafuni ilhali kompyuta bado ina bei ya zamani. Keshia mara nyingi hana habari, kwa hiyo usimwite mwizi: piga picha ya bei ya rafuni, mwonyeshe, na akishindwa omba msimamizi. Hasira ikipanda, nyamaza kwanza. Yakobo 1:19 inatutaka tuwe wepesi wa kusikia, si wa kukasirika. Kudai chako si dhambi hata kidogo. Ukipewa chenji iliyozidi je? Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na hilo linamhusu mnunuzi pia. Rudisha chenji hiyo mapema, kabla keshia hajafunga hesabu, kwani huenda upungufu ukakatwa kwenye mshahara wake.