Daftari la mashabiki

Kama mna bendi yenu wenyewe, bila meneja wala kampuni, nendeni na daftari kila mnakopiga. Mpeni rafiki mchangamfu azunguke meza kwa meza kabla ya wimbo wa mwisho, watu wakiwa bado wamekaa, aombe jina na namba ya simu ya yeyote anayependa kuarifiwa onyesho lijalo. Mkingoja hadi vyombo vizimwe, wengi watakuwa wameshaondoka. Wafuasi wa mitandaoni wanasaidia, ila huko mtandao ndio unaoamua nani aone tangazo lenu. Ujumbe wa simu unamfikia mwenyewe. Tumeni mara mbili tu: wiki moja kabla, na asubuhi ya siku yenyewe. Zaidi ya hapo ni kero, na anayeomba kuondolewa aondolewe siku hiyohiyo.

Bendi changa isipige ukumbi uleule kila wiki, maana watu huahirisha wakijua mpo tu. Shirikianeni jukwaa na bendi nyingine yenye watu wake.

Na mkishuka, tafadhali msijifungie nyuma. Yule aliyekuja peke yake akasimama karibu na spika tangu mwanzo, mfuateni, mumuulize jina, mlikumbuke.